Sahani ya Kwanza

Ukitaka kumkasirisha Mpishi, mwulize jambo kabla hujamsalimu. Nimeona watu wazima wenye tai shingoni wakirudishwa mlangoni kwake waanze upya kama watoto wa chekechea, kwa sababu waliingia na "Mama, harusi ni Jumamosi, utaweza?" hata sabalkheri hawajatoa.

"Toka," alikuwa akisema, macho hayatoki kwenye vitunguu. "Toka uje tena. Hapa si kituo cha polisi."

Mtu hutoka, akapiga hodi, akasalimu, akaulizwa habari za kwao, za mvua, za goti la mamake. Ndipo shughuli izungumzwe. Na hakuna aliyeondoka kwa hasira akatafute mpishi mwingine, maana ukishakula pilau yake mara moja, hao wengine wote unawaona wanachemsha mchele tu.

Nilikuwa jirani yake miaka mingi. Kibanda changu cha kupiga kopi na kuuza chaja kilipakana na ua wake hapa Voi, ukuta mmoja wa mabati katikati yetu, kwa hivyo nilijua anapika nini kabla sijaonana naye na yeye alijua nimegombana na nani. Mimi ni Mtaita wa Ronge, kule mlimani. Yeye ni wa familia ya Kiislamu yenye asili ya pwani, iliyokaa Voi tangu enzi ambazo hakuna tena azikumbukaye sawasawa, na huko kutokumbuka sawasawa ndiko kulikokuja kumkosesha raha. Yeye aliniita jirani, mimi nikamwita Mama. Watu wengine walimwita Mpishi, nami hapa nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu hapendi jina lake litembezwe ovyo.

Masomo yake yalianza wakati wa korona. Harusi zilikatazwa, matanga yakawa ya watu wachache, na masufuria yake makubwa yakalala kifudifudi uani miezi na miezi. Mpishi asiye na shughuli alikuwa hatari kwa mtaa mzima. Alifagia hadi mbele ya kibanda changu, akanipangia chaja zangu kwa rangi, akaanza kunitafutia mchumba. Binti yake, ambaye anafanya kazi Mombasa, aliona mamake atapata wazimu, akamsajilia kozi ya upishi na usimamizi wa hoteli kwenye chuo kimoja kinachofundisha mtandaoni. Nilikuwepo alipopigiwa simu kupewa habari hiyo.

"Upishi?" alisema. "Upishi mamangu alinifunza nikiwa sijaota meno ya ukubwa. Niandikishe nisome nisichokijua, mwanangu."

Akaulizwa ni nini asichokijua. Alifikiri kidogo, mwiko mkononi ingawa hakukuwa na chochote motoni.

"Sijui tumefikaje hapa," akasema.

Basi akaandikishwa kozi mbili za utangulizi wa historia, moja ya Afrika Mashariki, nyingine ya dunia ya karne hizi za karibuni. Alikuwa amemaliza kidato cha nne kabla ya kuolewa, na Kiingereza chake kilikuwa kile cha shule za zamani, kimenyooka na kupigwa pasi. Kusoma hakukumtisha. Kilichomtisha ni simu, kwa sababu ilikuwa ndogo na sauti yake haikuvuka moshi wa jiko. Dawa aliipata mwenyewe. Aliisimamisha simu ndani ya sufuria tupu la harusi, na sauti ya mwalimu ikatoka humo nene, ikavuma mpaka kwa fundi wa viatu ng'ambo ya barabara. Kuanzia hapo mtaa wote ukawa unasoma, upende usipende. Wateja wangu waliokuja kupiga kopi ya kitambulisho waliondoka na nusu ya mkutano wa Berlin. Fundi wa viatu, ambaye hakupata bahati ya kwenda shule sana, siku moja aliniuliza kwa hasira kabisa, "Kwani hao wazungu walikuwa wanagawana kwa rula?" Nikamwambia asubiri kipindi cha Alhamisi.

Lakini kipande cha kwanza cha kazi alichoandika Mpishi kilirudi na alama mbaya mno. Nilikichapisha nikakisoma, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Wanafunzi walitakiwa kuandika maoni mafupi kwenye ukumbi wa darasa, kisha kila mmoja ajibu maoni ya mwenzake. Mpishi alianza kwa kumsalimu mwalimu na kumwuliza hali. Akawasalimu wanafunzi wenzake, wa Kisumu, wa Arusha, wa kule Kanada, akawatakia heri wazazi wao walio hai na kuwaombea rehema walio kaburini. Akauliza kama kwao mvua imenyesha. Alipoingia kwenye misafara ya biashara ya zamani, nafasi aliyopewa ilikuwa imejaa, na hoja yake ikakatwa katikati kabla haijatoka Mombasa.

"Mama, si uanze tu na jibu?" nilimwambia. "Hawa ni watu wa mtandao. Hawana haja na salamu."

"Nani hana haja na salamu? Wewe wanijua, kwangu mtu haingii bila hodi. Nami niingie kwa watu na maneno yangu, pu, kama gunia la mkaa?"

Tulibishana wiki nzima. Mwisho akakubali kupunguza, ila si kuacha. Alimwandikia mwalimu ujumbe wa pembeni wenye salamu kamili, na kwenye ukumbi akaweka neno moja tu, Hodi, halafu hoja. Mwalimu huyo, mwanamke mwenye sauti ya taratibu ambaye hatukuwahi kumwona ila kwenye kioo cha simu, alikuwa mtu wa maana. Alimpa alama za hoja bila huruma, na salamu akazijibu moja moja. Kabla muhula haujaisha, yule mwanafunzi wa Kanada naye alikuwa akianza na Hodi. Naandika haya kwa majivuno, nisifiche. Neno hilo lilitoka kwenye ua wa mabati hapa Voi.

Namna yake ya kuipima historia ilikuwa ya jikoni. Akisomewa habari ya yeyote, awe mfalme, awe mmishenari, awe gavana, aliuliza swali lile lile: "Nani alikuwa jikoni?" Maana yake, huyu anayesimulia alikuwepo, au alisimama sebuleni akangoja kupakuliwa? Mwalimu alimpenda kwa swali hilo, na pia alimwonya. Alimwambia hata aliye jikoni hudanganya, hasa pilau ikiungua. Mpishi alilipokea kwa uchungu kidogo, kisha akakiri ni kweli, na akanitajia wapishi wawili wa mjini kama ushahidi.

Tarehe hazikumkaa kichwani. Majina ya masultani aliyachanganya, wajina kwa wajina, akawaoza wake wasio wao. Lakini alichokula mtu hakusahau. Walipofika kwenye vita vya kwanza vya dunia, vile vilivyopiganwa hapa hapa kwetu kwenye uwanda wa kwenda Taveta, darasa zima lilizungumza juu ya majenerali. Yeye aliuliza wapagazi walikula nini. Akapewa sehemu za kusoma, akasoma, na siku mbili hakupika kitu cha maana, alichemsha mihogo tu. Jumapili iliyofuata alinitoa kibandani, tukakodi gari mpaka ng'ambo ya Maktau. Hakukuwa na cha kuona, ni nyasi na vumbi na tembo mmoja kwa mbali. Alisimama akawasomea wale wapagazi Fatiha, wa dini zote, bila kubagua. Kisha akafungua chakula, akamega kidogo akaweka chini kabla hatujala. "Walibeba vyakula vya watu wakafa njaa," alisema. "Hebu nawe kula, usiwakasirishe."

Msidhani alikuwa malaika. Alidai ushahidi kwa wanahistoria wote wa dunia, lakini bundi akilia juu ya paa lake aliahirisha shughuli. Aliwakanya watu kusengenya, na papo hapo hakuna uchumba uliovunjika mjini asiujue sababu. Alikuwa mchoyo wa iliki, anazihesabu kama dawa, na mchele anamwaga kwa mabeseni kuwapa watu. Aliogopa mtihani kuliko simba. Siku ya mtihani wa kwanza alinilazimisha nifunge kibanda nikae ukutani kwa nje, si nimsaidie, bali asikie mtu anakohoa. Nilikohoa saa nzima mpaka koo likauma. Alifaulu vizuri, akaniletea tangawizi.

Sasa nije kwenye sahani.

Mpishi alikuwa na desturi moja ambayo kila mtu wa Voi aliijua na hakuna aliyeiuliza. Kwenye shughuli yoyote, chakula kikishaiva, kabla bwana harusi hajapata, kabla ya shehe, alipakua sahani moja nzuri, akaifunika kawa, akaipeleka mlangoni akampa Mtaita. Mtaita yeyote. Mpita njia, mchuuzi wa mboga kutoka Wusi, askari wa zamu. Nilipohamia pale, nikawa mimi. Nilikuwa nakula pale pale mlangoni, nimesimama, narudisha sahani, narudi kazini. Nilipomwuliza kwa nini, alijibu tu kuwa mamake alifanya hivyo, na nyanya yake vilevile. Mamake aliiita sahani ya mlimani.

Kozi ya pili ilipokaribia kuisha, mwalimu alitoa kazi ya mwisho. Kila mwanafunzi achague desturi moja ya nyumbani kwake aifuate mpaka inapotoka, na alete ushahidi wa kutosha, wa kuandikwa na wa mdomo. Bila kazi hiyo hakuna cheti. Mpishi alisikia maneno hayo yakitoka kwenye sufuria, akazima jiko.

"Jirani," aliita juu ya ukuta. "Ile sahani yako. Kwani nakupa kwa nini?"

Kwao walikuwa na jibu la asili yao, tena la kujivunia. Mama wa nyanya yao, walisema, alikuwa binti wa tajiri mkubwa wa Mombasa aliyeletwa Voi kwa harusi na ngoma. Jibu hilo lilitunzwa na kaka yake Mpishi, mzee mwenye duka la vyombo karibu na msikiti, mkubwa wa ukoo baada ya wazazi wao kufariki. Alikuwa mtu wa heshima na wa maneno machache. Mimi miaka yote nilinunua kwake vikombe nikisimama upande huu wa kaunta, akiniita kijana. Methali yake aliyoipenda ni mwacha asili ni mtumwa, na aliwasomea vijana wote waliovaa suruali zinazoshuka. Lakini mbele ya sahani, jibu lake lilikwama. Binti wa tajiri wa Mombasa anadaiwa nini na watu wa mlimani hata awape chakula kabla ya shehe?

Shangazi yangu ameolewa Mraru, kwenye barabara ya kwenda Taveta, pale misafara ya zamani ilipopumzika kunywa maji. Mama mkwe wake alikuwa hai bado, bibi kizee aliyeona mengi, asiyesema ila Kidawida, lugha yetu Wataita. Nikamwambia Mpishi twende, pengine huyu anajua habari za watu wa pwani waliopita. Mkono mtupu haulambwi, akapika pilau, akapakua sahani moja akaifunika kawa, tukaenda.

Alisalimu muda mrefu, nami nikawa natafsiri mpaka midomo ikakauka. Bibi kizee alipokea sahani, akafunua, akainusa. Halafu akacheka, akanitazama mimi, akasema maneno ambayo ilibidi nimwombe ayarudie kabla sijayatia kwa Kiswahili.

"Anasema, mbona mlichelewa hivi kuirudisha?"

Mpishi hakuwa amemtajia desturi ya sahani. Wala mimi.

Alipokuwa mtoto, alisema bibi kizee, kila Idi alikuja pale mama mmoja mzee wa Voi, Mwislamu, amejifunga leso, na sahani ya chakula imefunikwa. Aliingia moja kwa moja mpaka mafigani, akakaa chini, akazungumza Kidawida cha kuzaliwa. Bibi yake, yaani nyanya wa bibi kizee, alikula kwanza, kisha wengine. Walikuwa wakiitana dada. Watoto walipouliza, waliambiwa: huyu aliachwa hapa na msafara akiwa mtoto, mmoja wa wale waliokuwa wakiendeshwa kwa minyororo kwenda pwani. Homa ilimshika, wakamtupa karibu na maji. Watu wa boma hili walimwokota, wakamnywesha uji, wakamlea, na alipokua akaja Mswahili mwenye duka Voi, akaposa hapa, akatoa mahari hapa. Alipokufa, sahani ikaacha kuja.

Mpishi alikuwa analia bila sauti. Lakini msomi ni msomi. Akafuta macho kwa buibui akaniambia, "Muulize. Alikuwa jikoni, au aliambiwa?"

Nikauliza. Bibi kizee alijibu bila kukasirika hata kidogo.

"Anasema, mnyororo aliambiwa. Sahani alikula yeye mwenyewe."

Aliandika kazi hiyo kwa siku nyingi, na mimi nikaipiga chapa. Sijasoma vitabu vingi vya historia, lakini hiyo niliisoma nikiwa wima. Aliweka kila jambo mahali pake: hili limeandikwa na wasafiri, hili limesemwa na bibi kizee, hili aliambiwa, hili alikula, hili sijui na naomba anayejua aniambie. Hakuna mahali alipojipamba. Nilijiona nimekuwa mrefu kwa kuipiga chapa tu.

Kabla ya kuituma alisema lazima kaka yake aridhie. Nilifikiri ni utaratibu tu. Kumbe mzee aliwaka moto.

"Wataka watu waseme sisi ni uzao wa mtumwa?" alimwambia, na mimi nikasikia kwa kuwa alimfuata mpaka uani. "Mjukuu wangu aposwa. Hao wakwe zetu wa Mombasa wanahesabu babu zao mpaka kwa Nabii Nuhu, na wewe wataka kuwapelekea minyororo kwa simu?"

"Kaka, mficha uchi hazai."

"Basi tusizae! Na maneno haya usiniletee tena."

Kilichoniuma ni kuwa hakuwahi kusema ni uongo. Mpishi naye aliliona hilo. Mkubwa wa ukoo huachiwa maneno ambayo wengine hawaachiwi, na mama yao alipokuwa mgonjwa, aliyelala naye chumbani alikuwa huyu mtoto wa kwanza.

Siku ya mwisho ya kutuma ilifika. Mchana Mpishi alivaa vizuri, tukaenda wote nyumbani kwa kaka yake, mimi nimebeba bakuli la mbaazi. Viatu vya mzee vilikuwa mlangoni. Redio ilikuwa inasema ndani. Mpishi akaita hodi, akangoja. Redio ikapunguzwa. Akaita hodi ya pili, taratibu, kwa sauti ile ile. Tukasikia kiti kikisogezwa, basi. Akaita ya tatu. Alingoja muda wa kutosha kabisa mtu mzee kuinuka na kufika mlangoni, kisha akaweka bakuli kando ya viatu, akageuka.

Kibandani nilimfungulia kompyuta. Kazi ilikuwa tayari, ilibaki kubonyeza.

"Mama, bonyeza," nilimwambia. "Aki ya nani, huyu mzee hatajua hata. Umesoma miaka miwili. Wacha nibonyeze mimi."

"Hodi tatu, jirani. Zikiisha wageuka."

"Lakini ni bibi yako pia!"

"Ni wangu na ni wake. Nyumba ya watu wawili haifunguliwi na mmoja, mwenzake amelala. Hebu niandikie barua kwa mwalimu."

Niliandika nikiwa nimefura. Salamu zilikuwa ndefu kama kawaida, na chini yake sentensi moja: kazi iko tayari, ruhusa haijafika. Mwalimu alijibu salamu, kisha akaeleza bila kumzungusha. Ataandikiwa kuwa hajakamilisha. Akituma kabla ya mwisho wa muhula unaofuata, atapata cheti. Asipotuma, kozi nzima imekwenda na maji. Mpishi alisoma, akanishukuru, akaenda kuchambua mchele. Siku ile niliona ameshindwa, nikamwonea uchungu. Leo nikikumbuka vile alivyogeuka mlangoni, mgongo umenyooka, najivunia kuliko siku aliyofaulu mtihani.

Hakumnunia kaka yake. Alimpelekea chakula kama kawaida, akamwuliza presha, na habari ya kazi ile hakuitaja. Mimi mambo yangu yakabadilika, nikahamisha biashara kwenda Mwatate, na muhula ukawa unayoyoma huku nikimpigia simu kila mara. "Bado," alikuwa akisema, kisha ananiuliza kama nimeoa.

Siku chache kabla muhula haujafungwa nikapata mwaliko. Yule mjukuu wa kaka yake alikuwa anaolewa, hapo hapo nyumbani kwa mzee, na mpishi hahitaji kutajwa. Nilifika mchana. Wakwe wa Mombasa walikuwa wamejaa kwenye mikeka chini ya turubai, kanzu nyeupe kwa safu. Mimi nilisimama langoni nilipozoea kusimama. Nilimwona Mpishi kwa mbali akifunua sufuria, mvuke ukampanda usoni. Akapakua sahani ya kwanza, akaifunika kawa, akageuka kunitafuta kwa macho.

Kaka yake akamzuia. Alikuwa amesimama nyuma yake na fimbo, sijui tangu saa ngapi. Alinyoosha mikono miwili, na Mpishi, baada ya kusita, akampa sahani.

Nilidhani anawapelekea wakwe. Watu wote walidhani hivyo, na mzee mmoja wa Mombasa alikwisha kujisogeza ampishe. Alimpita. Aliwapita wote polepole, sahani mikononi, fimbo kwapani, akaja mpaka langoni akasimama mbele yangu. Huyu mzee ana umri wa babangu na zaidi, na miaka yote aliniita kijana.

"Mjomba," aliniambia, na hakuwa anaita kwa mzaha kama vijana wa stendi. "Mbona wasimama nje? Karibu ndani."

Alinishika mkono tukarudi naye katikati ya mikeka, na yule mzee wa Mombasa akauliza kwa adabu, "Huyu ni mjomba wa upande gani, bwana?"

"Upande wa mama," akasema kaka yake Mpishi, kwa sauti ambayo iliwafikia hata wanawake ndani. "Mama wa nyanya yetu aliachwa Mraru na msafara wa watumwa, mtoto mgonjwa. Watu wa huyu wakamwokota wakamlea. Hawa ndio wajomba zetu. Mtu akitaka kutuhesabu, aanzie hapo."

Niliwaona wakwe wakitazamana. Kisha bibi mmoja wao, mkubwa kuliko wote, akasema kutoka kwenye mkeka wa wanawake, "Basi mwamwekaje mjomba wima? Msogezeeni mkeka."

Wakasogea. Nikakaa.

Mpishi alikuwa amekuja mpaka ukingo wa turubai, mwiko bado mkononi, ukidondosha mafuta kwenye leso yake mpya. Nilijua atauliza, na kweli akauliza.

"Kaka. Haya umeyasema, nani alikuwa jikoni?"

Mzee alikaa kwanza kando yangu, akaifunua sahani mwenyewe.

"Mama aliniambia siku zake za mwisho, nikayafungia," alisema. "Juzi nilikwenda Mraru peke yangu, nikamkuta yule bibi. Nilipiga hodi, dadangu. Waliitikia ile ya kwanza."

Mpishi alifunika uso kwa leso. Alipoufunua alikuwa msomi, mpishi na dada kwa pamoja, na macho yake yalikuwa kwangu.

"Jirani, ile kazi bado unayo?"

"Iko hapa kwa simu, Mama."

"Bonyeza."

Mkono wa kulia ulikuwa tayari una pilau. Nikabonyeza kwa wa kushoto.